Maumivu Yasiyosubiri Asubuhi

Uamuzi mzito kuhusu maumivu mara nyingi haufanywi na daktari. Hufanywa sebuleni, usiku, na shemeji, mama mkwe, kaka mkubwa na jirani aliyewahi kuugua "kitu kama hicho hicho". Wanapima mambo matatu kwa wakati mmoja: mgonjwa anaumwa kiasi gani, hela zipo kiasi gani, na usafiri wa saa hizi utapatikana wapi. Hukumu inayotoka huwa ni ile ile: mpeni Panadol, tuone asubuhi.

Mara nyingi hukumu hiyo huwa sahihi. Kichwa cha uchovu, mgongo ulioinama shambani kutwa nzima, tumbo la hedhi lililozoeleka, misuli ya mtu aliyebeba magunia: haya hupita, na anayekimbilia hospitali kwa kila kiungo kinachouma atamaliza akiba ya nyumba bure. Shida ni kwamba asubuhi hiyo hiyo inayomtosha mgonjwa mmoja humwua mwingine, na kwa macho ya sebuleni wote wawili wanafanana.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliokuwa wakichunguza kwa nini wajawazito hufariki kwa matatizo yanayotibika, waliugawa ucheleweshaji katika hatua tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo umedumu kwa sababu unafaa kwa magonjwa mengi zaidi ya uzazi. Barabara na hospitali ni mambo ya serikali na bajeti. Hatua ya kwanza iko mikononi mwa watu wa sebuleni, na ndiyo inayonihusu hapa.

Kosa letu kubwa, nionavyo, ni kupima maumivu kwa kelele. Anayelia sana ndiye anayeitiwa gari. Anayenyamaza anaambiwa apumzike. Hata hospitalini kuna lile swali la kutoka sifuri hadi kumi, ambalo wengi wetu hulijibu kwa kubahatisha. Namba hiyo inasaidia kujua kama dawa imefanya kazi, lakini kama kipimo cha hatari haitoshi. Jiwe la figo likishuka humpa mtu kumi kamili na wengi hupona bila kisu. Shambulio la moyo la mgonjwa wa kisukari linaweza kupewa mbili. Maswali yanayosema zaidi ni manne: yalianzaje, yanaelekea wapi, yameandamana na nini, na yamempata nani.

Tumbo ndilo linalofundisha maswali hayo vizuri kuliko kiungo kingine chochote. Mwaka 1921 Zachary Cope, daktari wa upasuaji wa London, alitoa kitabu kidogo juu ya maumivu ya ghafla ya tumbo ambacho kimeendelea kuchapishwa upya hadi vizazi vyetu. Kanuni yake kuu ni rahisi hata kwa asiye daktari: mtu aliyekuwa mzima akishikwa na maumivu makali ya tumbo, nayo yakadumu kwa saa sita bila kuachia, mara nyingi chanzo chake ni jambo la upasuaji. Kanuni hii ina faida kubwa kwa familia, maana inageuza "tuone asubuhi" kuwa saa inayohesabika. Tumbo lililoanza saa mbili usiku halina haki ya kungoja alfajiri.

Na mtazameni anavyolala. Mwenye jiwe la figo hagusi raha popote. Anajigeuza, anainuka, anazunguka chumba, anarudi kitandani. Yule ambaye utando wa ndani ya tumbo umeshika uvimbe, kwa sababu utumbo umetoboka au kidole tumbo kimepasuka, hafanyi hivyo. Analala kimya, magoti ameyakunja, hataki kitanda kitikiswe, hataki mtoto aruke kwenye godoro, na kukohoa kunamkata. Sebuleni yule wa kwanza anaonekana mahututi, na wa pili anasifiwa kwamba ametulia.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu unafaa barabara zetu kuliko za walioufanya. Ulitoka katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ukachapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2012. Wagonjwa waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo waliulizwa kama waliumia zaidi gari lilipopita kwenye matuta. Kati ya 34 waliothibitishwa kuwa nao, 33 walikuwa wameumia. Wapo wengi pia walioumia kwenye matuta kwa sababu nyingine, kwa hiyo jibu la "ndiyo" si hukumu, na jibu la "hapana" halimpi mtu ruhusa ya kugeuza gari njiani. Lakini ikiwa kila tuta la Mbagala au la Kisauni linamfanya mgonjwa ashike tumbo kwa mikono miwili, basi safari hiyo ni ya lazima, na mwambieni daktari habari ya matuta. Ni dalili halali.

Kidole tumbo chenyewe huanza kwa unyonge. Maumivu huwa karibu na kitovu, hayana mahali maalumu, mtu anapoteza hamu ya kula, pengine anatapika. Saa kadhaa baadaye yanahamia chini upande wa kulia, pale alipopaeleza Charles McBurney wa New York mwaka 1889, na sasa mgonjwa anaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Maumivu yanayohama na kuchagua mahali yana maana kuliko yanayozagaa tumbo zima tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha huja hila ya ugonjwa huu: kikipasuka, mgandamizo unaachia na mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa muda. Nyumba nzima inamshukuru Mungu, gari linaahirishwa. Baadaye tumbo linakuwa gumu, homa inapanda, na kilichokuwa upasuaji mdogo kinakuwa vita vya kuokoa maisha. Nafuu ya ghafla isiyo na sababu, baada ya saa nyingi za maumivu makali, isipokewe kama habari njema.

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kuna swali linalotangulia mengine yote: hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Mimba ikitunga kwenye mrija badala ya mji wa uzazi, katika wiki za mwanzo kabisa mrija unaweza kupasuka na damu ikamwagikia tumboni bila tone kubwa kuonekana nje. Dalili ni maumivu ya chini ya tumbo, pengine upande mmoja, matone ya damu yanayodhaniwa kuwa hedhi iliyochelewa, halafu kizunguzungu au kuzimia akisimama. Wengine huumwa ncha ya bega, hasa wakilala. Bega halina kosa lolote. Damu iliyokusanyika chini ya kiwambo cha kupumulia inachokoza mshipa wa fahamu ambao asili yake ni shingoni, na ubongo unalisoma jambo hilo kama maumivu ya bega. Mwanamke mwenye tumbo, bega na kizunguzungu kwa pamoja hana dakika ya kupoteza, hata kama anatumia uzazi wa mpango, hata kama ameapa kwamba hana mimba. Binti wa miaka 17 hawezi kujibu swali la hedhi mbele ya baba yake na kaka zake watatu. Shangazi mwenye akili huwatoa watu chumbani kwanza, ndipo anauliza.

Mvulana naye ana siri yake. Katika umri wa kubalehe, korodani inaweza kujisokota juu ya mshipa wake na damu ikakatika. Maumivu huja ghafla, mara nyingi na kutapika, na wengine husikia zaidi tumboni kuliko chini. Korodani inayofunguliwa ndani ya saa sita kwa kawaida huokolewa. Ikipita siku nzima, uwezekano ni mdogo sana. Mwanafunzi wa bweni anayemwambia matroni "tumbo linauma" na kukataa kusema zaidi huenda anaficha sehemu muhimu zaidi ya habari yake. Hapo hapo niongeze ngiri: uvimbe uliozoea kurudi ndani ukilala, siku ukikataa kurudi, ukauma na kutapisha, huo ni upasuaji wa usiku huo huo. Mafuta ya kuchua hayaufai.

Nikiwa kwenye tumbo bado, kuna mtoto asiyeweza kusema. Kitoto kinacholia kwa vipindi, kinakunja magoti kila maumivu yakija, kinapauka, kisha kinatulia kana kwamba hakuna kilichotokea, kinaweza kuwa na utumbo ulioingia ndani ya mwenzake. Damu iliyochanganyika na makamasi kwenye choo ni dalili iliyochelewa. Kwa watoto wote wadogo, dalili za hatari ambazo wahudumu wa afya wetu wamefundishwa kwa miaka mingi hazitaji maumivu kabisa: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Yoyote kati ya hizo inatosha.

Kifua kinatuingiza kwenye tatizo jingine, la ugonjwa kuvaa nguo za ugonjwa mwingine. Njoo kwenye duka la dawa la mtaani jioni, wakati foleni ni ndefu na muuzaji anahesabu chenji.

"Kaka, nipe ya vidonda vya tumbo, ni ya mzee."

"Anaumwaje?"

"Hapa juu, kama anabanwa. Na jasho linamtoka kama maji."

Muuzaji aliyefunzwa, akisikia habari ya jasho, anatakiwa kuacha mazungumzo ya dawa na kuanza ya gari. Shambulio la moyo huja kama uzito au mbano katikati ya kifua, likipanda kwenye taya, shingo au mkono, au likishuka chembe cha moyo na kujifanya vidonda vya tumbo au gesi. Wenzake ndio wanaolifichua: jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kuwa fupi, woga usioelezeka. Kwa kawaida maumivu hayo hayafuati chakula, na hayabadiliki ukibonyeza kifua. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari yanaweza kuwa hafifu sana, au yasiwepo, na kubaki uchovu wa ghafla na kuishiwa pumzi. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa idara ya dharura kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya karibuni walikuta mashambulio ya moyo ambayo hayakutambuliwa kuwa ya moyo. Dhana ya kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri bado inatugharimu, wakati presha na sukari vimeshaingia kila mtaa.

Katika mfumo wa kupanga wagonjwa kwa rangi uliotengenezwa Afrika Kusini, ambao hospitali nyingi za bara hili zimeuchukua, maumivu ya kifua hupewa rangi ya machungwa: mgonjwa aonwe ndani ya dakika 10. Kipimo cha umeme wa moyo nacho kinatakiwa kifanyike katika dakika hizo za kwanza, na kikiwa safi hakimalizi shauri, kwa sababu cha pili baada ya muda kinaweza kuonyesha kilichofichwa na cha kwanza. Mwenye dalili hizi asiyedhurika na aspirini, na ambaye hajawahi kutokwa damu tumboni, hushauriwa na madaktari atafune kidonge cha miligramu 300. Atafune akiwa njiani. Kidonge hakichukui nafasi ya safari. Isipokuwa maumivu yakiwa kama ya kupasuliwa, yakitokea kwa kishindo na kupenya hadi mgongoni kwa mtu mwenye presha ya siku nyingi: hapo huenda ni mshipa mkuu wa damu unaochanika, na aspirini haifai. Na mama aliyejifungua karibuni, au msafiri aliyetoka kwenye basi la masafa marefu, akivimba mguu mmoja na kuumwa kigimbi, kisha akaishiwa pumzi, damu iliyoganda inaweza kuwa imehamia kwenye mapafu.

Kichwa nitakipitia kwa haraka, kwa kuwa kanuni zake ni fupi. Kinachotisha ni kichwa kilichofika kileleni ndani ya dakika moja, ambacho mtu anasema hajawahi kuumwa hivyo maishani. Kinatisha pia kikiwa na homa na shingo isiyokunjika, kikiwa na kuchanganyikiwa au degedege, au kikija baada ya kugongwa. Na mjamzito aliyevuka wiki 20, au aliyejifungua siku chache zilizopita, akiumwa kichwa kikali, akaona nyota machoni au akaumwa juu ya tumbo upande wa kulia, apimwe presha saa hiyo hiyo, kwa sababu kifafa cha mimba huja baada ya onyo kama hilo.

Viungo vya mwili vina somo moja la pekee: maumivu yanayozidi kile kinachoonekana. Kijana wa bodaboda amevunjika mguu, amefungwa hogo hospitalini, au amefungwa mianzi na mwunga mifupa kijijini. Usiku wake wa kwanza maumivu yanapanda badala ya kushuka, vidole vikinyooshwa analia, ganzi inaingia. Watu wanasema mfupa ndiyo kawaida yake. Hapana. Misuli iliyovimba ndani ya nafasi isiyotanuka inajinyonga yenyewe, na ikipita saa chache mguu unaweza kupotea. Kifungo kilegezwe na arudishwe hospitali usiku huo. Vivyo hivyo kwa kidonda kidogo ambacho ngozi yake inaonekana karibu salama huku mgonjwa akilia ukiigusa, na homa juu: maambukizi yanayokula ndani hukimbia kuliko wekundu wa nje. Jino pia, ambalo watu hulicheka. Likivimbisha chini ya kidevu pande zote mbili, mate yakashindikana kumezwa na ulimi ukainuka, uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Mgongo huumiza wengi na hatari yake ni ya wachache. Hao wachache hutambulika kwa swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: mkojo unatoka vizuri, na unasikia ukijipangusa? Ganzi ya sehemu za siri, mkojo kukwama au kuvuja, na miguu kuishiwa nguvu, haya si ya kuchuliwa.

Kisha kuna watu ambao kipimo cha kelele kinawaonea kabisa. Wa kwanza ni wenye selimundu. Wameumwa tangu utotoni, wanajua majina ya dawa, wengine huongea na simu huku wakiumwa, na kwa hiyo wanashukiwa, hata na wauguzi, kwamba wanatafuta sindano. Mtu aliyejifunza kuishi na maumivu hana sura ile tunayoitegemea. Kwake swali ni moja: haya ni yale yale ya siku zote? Yakiwa na homa, kifua na pumzi fupi, ni dharura. Uume ukisimama kwa uchungu zaidi ya saa 4, ni dharura. Na akisema mwenyewe "safari hii ni tofauti", aaminiwe. Wa pili ni wenye kisukari cha miaka mingi, ambao mishipa ya fahamu ya miguuni imekufa; msumari unaweza kukaa kwenye kandambili na mguu ukaoza bila mwenyewe kulalamika. Wa tatu ni wazee, ambao tumbo lao linaweza kupasuka na wakasema tu kwamba hawajisikii kula. Kiharusi nacho kwa kawaida hakiumi: mdomo umepinda upande, mkono umeanguka, maneno hayaeleweki, na kwa kuwa haumwi, anaachwa alale.

Dawa za maumivu zina sehemu yake katika hadithi hii. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea Tanzania Bara, yamesogeza dawa karibu na watu, na hilo ni jema. Lakini diklofenaki inayorudiwa kwa siku tatu kwa tumbo lisilojulikana inanunua ukimya tu, na inaweza kuchimba tumbo lenye vidonda likatoka damu. Zamani wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba mgonjwa wa tumbo asipewe chochote cha maumivu kabla daktari wa upasuaji hajamwona. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba dawa anayopewa akiwa hospitalini haiharibu uchunguzi, hivyo hakuna sababu ya kumwacha alie foleni nzima. Kidonge kimoja nyumbani huku gari likitafutwa hakina ubaya. Ubaya uko kwenye kidonge cha nne kinachomezwa ili gari lisitafutwe.

Kuhusu gari lenyewe: Tanzania ina mfumo wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na namba yake ya bure ni 115. Na kuhusu kupokewa mkishafika: nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni haki inayofaa kujulikana na anayeambiwa alipie kwanza ndipo aguswe.

Mkifika dirishani, msianze na kadi ya bima. Anzeni na maneno kama haya: yalianza saa mbili usiku, yalikuja ghafla, yalianzia hapa na sasa yako hapa, ametapika mara tatu, amekunywa diklofenaki saa nne, ana presha, hedhi yake ya mwisho ni ya mwezi uliopita. Maneno hayo yanaweza kumtoa mgonjwa nyuma ya foleni na kumweka mbele. Na mkiambiwa si kitu, mrudi nyumbani, msiondoke kabla ya kuuliza: akiwa vipi turudi usiku huu huu? Jibu liandikeni kwenye simu, na liwe kwenye simu ya yule atakayelala naye chumbani.